Seva Zinazotawaliwa kwa Maandishi

Agosti 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa saa. Kwa senti 10 za Marekani mteja alipata seva yenye memori ya GB 1.7 na diski ya GB 160, akaitumia saa moja, akaizima, na malipo yakakoma hapo. Sehemu kubwa ya huduma hiyo, EC2, ilijengwa Cape Town, Afrika Kusini, na kikosi kidogo kilichoongozwa na Chris Pinkham, mhandisi aliyekuwa ametaka kurudi kwao. Katika simulizi za mwanzo wa huduma za wingu husahaulika kwamba seva zile hazikuja na ukurasa wa kubofya. Hapakuwa na kitufe cha kuwasha wala orodha yenye rangi. Aliyetaka seva aliandika amri katika terminali yake, au aliandika programu itume ombi hilo kwa niaba yake. Ukurasa rasmi wa Amazon wenye vitufe ulikuja Januari 2009, na kufikia wakati huo zilikuwapo kampuni zilizokwisha kujenga biashara nzima juu ya amri hizo.

Leo kila mtoa huduma ana ukurasa wa kuvutia: bofya hapa seva iwake, bofya pale iongezewe memori. Ndiyo maana vijana wanaoingia katika kazi ya kusimamia mifumo huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini bado wafundishwe kukaa mbele ya skrini nyeusi na kuandika maneno yasiyosamehe hata herufi moja ikikosewa. Jibu wanalopewa kwa kawaida ni kasi. Ni kweli, lakini ni jibu dogo. Anayewasha seva tatu kwa mwezi hahitaji kasi. Ninavyoona mimi, ubora wa amri uko kwingine: amri ni andiko. Unaweza kuisoma kabla haijatenda kazi, ukamwonyesha mwenzako, ukaihifadhi, ukairudia mwakani, ukamwachia mtu ambaye hamtaonana kamwe. Madhara yake makubwa nayo yanatoka mlemle. Andiko halijui ukubwa wa kile linachokiamuru. Herufi zilezile zinazofuta seva ya majaribio zinaweza kufuta seva ya hospitali.

Seva hizo za kukodi ni mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu, na mashine pepe na terminali vilikua pamoja. Katikati ya miaka ya 1960, katika maabara ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, wahandisi walitafuta njia ya kuifanya kompyuta moja kubwa, ya bei ya kutisha, itumiwe na watu wengi kwa wakati mmoja bila mmoja kumharibia mwingine. Wakampa kila mtumiaji kompyuta kamili isiyokuwapo: ina memori yake na diski zake, lakini yote ni kazi ya programu. Mifumo yao ya kwanza iliitwa CP-40 na CP-67, na Agosti 1972 IBM ikatangaza VM/370. Mtumiaji wa CP-67 alikaa mbele ya terminali kama IBM 2741, ambayo haikuwa na skrini. Ilikuwa taipureta ya umeme iliyounganishwa na kompyuta. Kila amri aliyoipiga na kila jibu alilopewa vilichapwa kwenye karatasi, na jioni alikuwa na historia ya kazi yake yote mkononi. Hakuna aliyelipanga hilo kuwa hatua ya usalama. Lilitokana tu na umbo la chombo. Skrini zilipokuja karatasi ikatoweka, na tangu hapo kuweka kumbukumbu kukawa jambo la mtu kuamua.

Ili kuelewa kinachoamriwa, fikiria nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini paa, maji na mita ya umeme ni vya nyumba nzima, na yupo mwenye nyumba anayegawa na kuzuia. Programu inayofanya kazi ya mwenye nyumba huitwa haipavaiza. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza masharti ambayo kompyuta lazima iyatimize ili ugawaji huo uwe salama na usiichoshe, na kwa miaka mingi prosesa za kompyuta za kawaida hazikuyatimiza. Kampuni ya VMware iliizunguka shida hiyo mwaka 1999 kwa kutafsiri maagizo ya mgeni, yaani mashine pepe, wakati uleule yanapotekelezwa. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2003, iliubadilisha mfumo endeshi wa mgeni ili utambue kwamba hauna kompyuta peke yake. Mwishoni mwa 2005 Intel, na mwaka uliofuata AMD, zikaweka msaada wa kazi hiyo ndani ya prosesa zenyewe.

Hatua iliyogusa zaidi kazi ya msimamizi wa kawaida ilikuja Februari 2007, Linux 2.6.20 ilipotoka ikiwa na KVM, kazi ya Avi Kivity na wenzake wa kampuni ya Qumranet. KVM iliifanya Linux yenyewe kuwa haipavaiza, na kila mashine pepe ikawa mchakato wa kawaida ndani ya Linux, sawa na hifadhidata au kivinjari. Msimamizi aliyekwisha kuzijua ps, top na kill alikuwa na nusu ya ujuzi tayari. Aliweza kuona ni mashine ipi inayokula prosesa, akaipunguzia kipaumbele, akaifuatilia kwa zana alizozitumia miaka yote kwa kazi nyingine.

Juu ya KVM mara nyingi husimama libvirt, mradi ulioanzishwa na Daniel Veillard wa Red Hat mwaka 2005, na amri yake iitwayo virsh. Ukiandika virsh list --all unapata kila mashine iliyosajiliwa na hali yake. virsh start huiwasha. virsh shutdown huiomba izime kwa utaratibu, ifunge faili zake kwanza. virsh dumpxml hutoa maelezo yake yote kwa maandishi: memori kiasi gani, prosesa ngapi, diski iko katika faili gani, imeunganishwa na mtandao upi. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Seva ambayo zamani ilikuwa chuma kizito kwenye rafu imekuwa kurasa chache za maandishi unazoweza kuziweka katika Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ukazilinganisha na zilivyokuwa mwezi uliopita, ukajua kadi ya pili ya mtandao iliongezwa lini na nani. Data yenyewe hubaki kwenye diski na inahitaji nakala rudufu yake; lakini umbo la seva limeandikika.

Mitego nayo iko papo hapo. Katika virsh, destroy haifuti kitu: huikatia mashine umeme ghafla, na maelezo yake pamoja na diski hubaki. Kinachoondoa maelezo ni undefine, na diski hazifutwi mpaka mtu aombe hivyo, kwa mfano kwa kuongeza --remove-all-storage. Katika Proxmox, mfumo uliotengenezwa Austria juu ya KVM hiyohiyo, qm destroy huiondoa mashine pamoja na diski zake. Katika Terraform, zana ya kuunda seva kutokana na faili la maelezo, destroy hubomoa kila kilichoorodheshwa, baada ya kuuliza mara moja. Aliyefanya kazi miaka mitano na virsh akihamia Proxmox anahama na mazoea ya vidole vyake, na vidole havisomi mwongozo. Hili ni kosa la watengenezaji wa zana kabla halijawa kosa la mtumiaji, na vyuo vinavyofundisha mifumo vingefanya vema kulifundisha waziwazi badala ya kuwapa wanafunzi orodha ya amri za kukariri.

Mwaka 2017 ulitoa mifano miwili ndani ya wiki nne. Januari 31, wakati wa usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu za watu wengine, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata zilizoacha kuwiana. Alikusudia kufuta folda ya data katika seva ya pili ili ijazwe upya kutoka ya kwanza. Aliandika amri ya kufuta akiwa ndani ya seva ya kwanza. Aligutuka baada ya sekunde moja au mbili na kuikatiza, lakini katika GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5. Majina ya seva hizo yalitofautiana kwa tarakimu moja: db1 na db2. Kisha wakagundua kwamba nakala rudufu walizozitegemea hazikuwapo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 la PostgreSQL na hifadhidata ni ya 9.6, kwa hiyo ilishindwa kila mara, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa kabla ya kufika kwa mtu. Kilichowaokoa ni nakala ya hali ya diski ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Kila kilichoandikwa katika hifadhidata ndani ya saa hizo sita kilipotea.

Februari 28, saa 3:37 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, mfanyakazi wa S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili, alikuwa akifuata mwongozo uliokubaliwa. Alitakiwa kuondoa seva chache katika sehemu inayotumiwa na mfumo wa kutoza malipo. Kipande kimoja cha amri kiliandikwa vibaya, na zikaondoka seva nyingi zaidi, zikiwamo zile zilizobeba faharasa ya huduma nzima katika eneo la kaskazini mwa Virginia. Tovuti na programu nyingi zilizotegemea S3 zilisimama kwa saa kadhaa. Huduma ilirejea kikamilifu saa 7:54 mchana. Hata ukurasa wa Amazon wa kutangaza hitilafu haukuweza kurekebishwa kwa muda, kwa sababu usimamizi wake ulitegemea S3 pia.

Mtu angeweza kusema kwamba huu ndio ushahidi wa kuachana na amri. Tazama, hata hivyo, dawa ambazo kampuni hizo zilichagua. Hakuna iliyoacha amri. Katika orodha ya marekebisho ya GitLab lilikuwamo jambo dogo: kubadilisha maneno yanayoonekana mwanzoni mwa kila mstari wa terminali ili mtu ajue bila kufikiri yuko seva gani. Amazon iliirekebisha zana yenyewe iondoe seva polepole zaidi, na ikatae kabisa pale ambapo kuondoa kungeishusha huduma chini ya kiwango cha lazima. Yaani waliifundisha amri ukubwa wa kile inachokiamuru. Na jambo la pili: kampuni zote mbili ziliweza kueleza hadharani, kwa usahihi wa dakika, kilichotokea, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ilipotea, lakini daftari lilikuwapo, na kwa sababu lilikuwapo maelfu ya wasimamizi duniani wamejifunza kutoka katika usiku ule wa GitLab kukagua kama nakala zao rudufu zinarudishika.

Watetezi wa vitufe wana hoja ya haki hapa. Kurasa za wingu nazo huweka kumbukumbu. Amazon ilianzisha CloudTrail mwaka 2013 kwa kazi hiyo hasa. Lakini kumbukumbu ya kubofya huandikwa baada ya tendo. Inasema nani alifanya nini, saa ngapi. Haikupi kitu cha kumpa mwenzako akikague kabla, wala huwezi kuichukua kama ilivyo ukaitekeleza upya kwenye seva nyingine. Andiko la amri lipo kabla ya tendo, na tofauti hiyo ya dakika chache ndimo mtu wa pili anamopata nafasi ya kusema: ngoja, hiyo ni db1.

Kutokana na hitaji hilohilo, kazi imekuwa ikihama kutoka kuamuru kwenda kueleza. Mark Burgess alianzisha CFEngine mjini Oslo mwaka 1993. Zikafuata Puppet mwaka 2005, Ansible mwaka 2012 na Terraform mwaka 2014. Katika zana hizi huandiki hatua za kufuata. Unaandika hali unayoitaka: seva nne, memori GB 8 kila moja, lango 22 limefungwa isipokuwa kwa ofisi yetu. Zana yenyewe hulinganisha hali hiyo na ilivyo sasa, kisha huziba pengo tu. Ukiiendesha mara ya pili bila kubadilisha kitu, haifanyi kitu. Terraform hukuonyesha kwanza, kwa amri ya plan, itaongeza nini, itabadilisha nini na itabomoa nini, na asiyesoma ukurasa huo mpaka mwisho anajitakia. Wapo wanaosema hatua hii imeufuta umuhimu wa terminali. Sikubaliani nao. Seva ikikwama katikati ya usiku, diski imejaa na huduma haiwaki, faili la maelezo litakuambia ilivyopaswa kuwa, lakini ilivyo kwa kweli utaijua kwa kuingia ndani yake na kuuliza kwa mkono: df, journalctl, virsh console.

Kuingia kwenyewe hufanyika kwa SSH, itifaki aliyoiandika Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo chake. Kwa msimamizi aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ambaye seva yake iko Frankfurt, SSH ina faida ya ziada, na hii ni ya fizikia. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka pwani yetu kupitia Bahari ya Sham hadi Ulaya ni maelfu ya kilomita. Subira ya karibu milisekunde 100 haikwepeki hata mtandao ukiwa mtupu. Ukurasa wa vitufe hutuma maombi mengi kabla haujakamilika na hubeba picha na misimbo kwa megabaiti. Amri ni baiti chache. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipoharibika kwa pamoja na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani, aliyekuwa na terminali alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuifikia seva yake. Zipo pia zana za kumlinda kazini: tmux huiacha kazi iendelee ndani ya seva hata laini ikikatika, na Mosh, iliyotoka MIT mwaka 2012, huonyesha herufi unazoandika bila kungoja jibu la mbali.

Pamoja na hayo, vitufe vina mahali pao, na katika jambo moja vina haki kubwa kuliko tunavyokiri. Kitufe hutafsirika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mtu aliweza kuandika barua na kupiga hesabu katika programu inayozungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Amri hazitafsiriki, virsh itabaki virsh Tanga na Tokyo. Kijana anayejifunza analazimika kubeba mizigo miwili, kompyuta na Kiingereza, na sidhani ni haki kumwambia ajikaze tu. Lakini katika faili la skripti ya Bash, kila mstari unaoanza na alama ya #, isipokuwa ule wa kwanza wenye #!, ni wa binadamu, na kompyuta haiusomi. Hapo hakuna anayetuzuia. Kwa nini skripti za ofisi ya Dodoma, ambayo watu wake wote huzungumza Kiswahili kutwa, zina maelezo ya Kiingereza cha kubahatisha? Mstari unaosema "usiendeshe hii kabla ya kuhakikisha nakala ya jana inarudishika" utafuatwa zaidi ukiandikwa kwa lugha ambayo msomaji huwazia.

Kuna pia suala la nani anamiliki zana. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Wateja wakatakiwa kulipa kwa vipindi. Agosti mwaka huohuo HashiCorp, kampuni inayotengeneza Terraform, ilibadilisha leseni ya zana hiyo, na waliokataa wakaanzisha mbadala wake, OpenTofu. Ofisi iliyokuwa na maelezo ya seva zake kwa maandishi ilikuwa na mahali pa kuanzia kuhama. Iliyokuwa na kumbukumbu ya mahali vitufe vilipo, ilianza upya.

Daftari nalo linaweza kumsaliti mwenyewe. Anayeandika nywila ndani ya amri huiacha katika faili la historia la Bash, na amri ikiwa bado inaendelea watumiaji wengine wa seva hiyo wanaweza kuiona kwa ps. Mvamizi aliyepata mamlaka ya root naye anaweza kuifuta historia hiyo yote. Kwa hiyo kumbukumbu ya kuaminika ni ile inayotumwa papo hapo kwenye seva nyingine, ambako wasimamizi wa kila siku hawana ruhusa ya kuifuta. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinamtaka mwenye taarifa za watu azilinde. Sioni mtu atakavyoonyesha kwamba amezilinda ikiwa hawezi kusema nani aliingia na alifanya nini.

Ninalolihofia zaidi katika ofisi zetu, hata hivyo, ni kuondoka kwa mtu kuliko mvamizi. Shule, hospitali za misheni, SACCOS na halmashauri nyingi zina msimamizi mmoja wa mifumo. Akipata kazi kwingine, seva zinabaki zikiwaka lakini hakuna anayejua zilivyoundwa, na anayemfuata huogopa hata kuzizima. Msimamizi anayejali anaweza kuacha folda moja: maelezo ya kila mashine kwa dumpxml, skripti za kuiunda upya, orodha ya funguo za SSH na zinakofungua, na utaratibu wa kurudisha nakala rudufu ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi. Na ofisi inayotaka kujua kama imejiandaa inaweza kufanya jaribio moja yeye angali yupo: impe mtu wa pili folda hiyo na seva tupu, imwombe aiunde upya huduma moja bila kumuuliza aliyeiunda, na kila anapokwama, kilichokosekana kiandikwe siku hiyohiyo.